Wanaiita Ajali

Jumatatu, 3 Machi

Ajali. Ndivyo walivyoandika.

Luteni kijana kaja leo na ratiba ya sherehe ya kambini. Karatasi nene, nembo ya dhahabu. Jina la mke wangu liko chini kabisa, baada ya chai na kabla ya picha ya pamoja. Familia itakabidhiwa cheti cha shukrani kwa ajili ya marehemu koplo, "aliyefariki kwa ajali ya gari akiwa kazini".

Ajali ya gari!

Mimi ni mwalimu wa udereva. Ajali nazijua kwa majina na tabia zake. Ajali ni mtu kainamia simu. Ajali ni breki kugoma kwenye mteremko. Ajali ni yule mwanafunzi wangu wa jana, kakanyaga mafuta badala ya breki, tukaingia kwenye ua wa jirani na kumkurupusha bata aliyekuwa amelala. Watu wakikuvizia barabarani na kukumiminia risasi mpaka ukafia kwenye usukani, hiyo haiitwi ajali.

Mwili niliuona mimi. Tundu lilikuwa chini ya mtulinga, dogo, kama limetobolewa kwa kidole. Mwaka jana walipoleta jeneza walisema amefia vitani. Neno lenyewe walilitumia: vitani. Mwaka mmoja tu na vita vimegeuka ajali.

Nilimwuliza Luteni nani kabadilisha. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja wangu wa mazoezi, baina ya matairi na zile koni za plastiki, viatu vinang'aa, hajui aweke wapi mikono. Akasema maneno yamepitishwa juu. Juu wapi? Juu tu. Akaomba maji, akanywa, akashukuru. Mtoto wa watu ana adabu. Sikuwa na la kumfanya.

Jumatano, 5 Machi

Bosi karudi kutoka shule, hataki kula.

Bosi ndilo jina alilopewa na mama yake, kwa sababu tangu akiwa wa kutambaa alikuwa anaamuru nyumba nzima. Sasa ana miaka tisa na bado anaamuru. Leo hakuamuru kitu. Kakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, anakwaruza soksi.

Nikambembeleza mpaka likatoka. Mwenzake darasani, ambaye baba yake yuko kambini, kamwambia mbele ya watoto wote kwamba mama yake hapewi nishani kwa sababu alipindua gari la jeshi. Hajui kuendesha, akapindua, watu wakaumia.

Nikamwambia huo ni uongo. Akaniangalia kwa yale macho ya mama yake.

"Baba, si wewe ndiye uliyemfundisha?"

Nimeshindwa kuendelea na kazi mchana wote. Nimewaambia wanafunzi gari lina hitilafu.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao cha familia kwa mama mkwe. Mama mkwe kwenye kiti chake cha dirishani, mimi kwenye kochi lile lililobonyea, shemeji amesimama kama anahutubia. Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu, na anapenda wakubwa kuliko wakubwa wanavyojipenda wenyewe.

Habari zake: Kapteni aliyeongoza msafara aliofia mke wangu sasa ni Meja. Siku ya sherehe atavishwa nishani ya ushujaa kwa kuelekeza uokoaji wa majeruhi chini ya risasi. Ukumbi mpya wa kambi utapewa jina lake. Mgeni rasmi ni mtu mzito. Na sisi tumealikwa kukaa safu ya mbele! Kwa hiyo tusilete mambo. Neno moja kwenye karatasi lisitufanye tuonekane watu wasio na shukrani. Marehemu harudi.

Nikamwuliza kama yeye akifa kwa kisu atapenda tuandike amejikata akimenya vitunguu. Akasema mimi huwa naongea kama niko barabarani.

Nilitegemea mama mkwe atasimama upande wangu. Akasema polepole, bila kunitazama, "Baba Bosi, nimechoka kulia. Nataka niende, nikae, nipewe hicho cheti, nirudi nyumbani kwangu."

Nikasema sawa, mama. Lakini njiani nilikuwa namkasirikia na yeye. Mama mzima! Mwanawe anaitwa mzembe hadharani, naye anataka kiti cha mbele.

Jumanne, 11 Machi

Nina mwanafunzi mpya tangu jana. Mwembamba, anazidi thelathini kidogo. Mkono mmoja umeungua zamani, ngozi imekunjamana mpaka kwenye kifundo, vidole viwili havikunji sawasawa. Nimempa jina Bwana Kimya maana hatoi neno. Ukimwambia weka gia ya kwanza, anaweka. Ukimwambia ondoa mguu kwenye klachi taratibu, anaondoa ghafla, gari linaruka kama chura na kuzima. Hata hapo hasemi kitu. Anafuta jasho tu. Sijawahi kuona mtu anatoka jasho hivyo kwenye uwanja mtupu.

Leo kaniuliza swali moja. Lini tutajifunza kurudi nyuma.

Nikamjibu kwanza ajue kwenda mbele. Wanafunzi wote wanaogopa rivasi, huyu anaiulizia siku ya pili. Mke wangu alikuwa hivyo hivyo, tena yeye alikuwa haijui kabisa. Tulijuana kwenye uwanja huu huu, yeye mwanafunzi, mimi mwalimu. Koni zangu zote alizilaza. Alikuwa anatukana koni! Akazirudia wiki nzima mpaka nikawa namwomba apumzike. Baadaye alikuwa anarudi nyuma vizuri kuliko mimi, shingo kaigeuza, mkono mmoja juu ya kiti, anaimba.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike yote sasa, kabla hayajachanganyika.

Bwana Kimya alikuja asubuhi. Tukazunguka uwanja mara kadhaa, nikaona ametulia, nikamwambia haya, leo turudi nyuma. Akaweka rivasi. Akageuza shingo. Kisha akazima gari mwenyewe, akavuta breki ya mkono, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

Akasema, "Mwalimu, mimi ni mmoja wa wale aliowarudia."

Sikuelewa. Nilidhani anasema mambo ya darasani.

Akaanza kueleza huku anatazama mbele, kama bado anaendesha. Alikuwa mtu wa redio kwenye msafara. Magari manne. Gari la mbele la Kapteni, mawili ya katikati, la tatu likiwa la mke wangu, na la mwisho ndilo alilokuwa yeye. Wenzake wote walimwita mke wangu Shangazi, kwa sababu alikuwa anawagombeza wasiofunga kofia.

Walivuka daraja jembamba. Magari matatu yalikuwa yameshapita pale risasi zilipoanza kutoka kilimani. La mwisho likapigwa likiwa linatoka darajani, likawaka. Waliobaki hai wakaruka, wakaangukia kwenye mtaro kandoni mwa barabara. Bwana Kimya mkono unawaka, redio bado iko mgongoni. Akaomba msaada. Akasikia sauti ya Kapteni ikitoa amri: magari yote yasonge mbele, hakuna kusimama.

Na hapo hapo akasikia sauti ya mke wangu.

"Nimesikia, Kapteni. Ninarudi."

Barabara ilikuwa haina nafasi ya kugeuza lori lake. Kwa hiyo alirudi kinyumenyume. Lori zima, kona mbili, risasi zinapiga bodi, mpaka darajani. Akaliweka lori kwa ubavu baina ya kilima na mtaro ili liwakinge. Akashuka. Bwana Kimya anasema alishuka! Akawabeba wasioweza kutembea, huku anawagombeza. Alimwambia yeye aache kulilia mkono, mguu si mzima? Kijana mmoja juu ya lori ndiye aliyekuwa na bunduki kubwa. Alipoanguka, mke wangu akapanda akaishika mwenyewe mpaka kule kilimani wakanyamaza kidogo. Kisha akaenda mbele na kuwateremsha nyuma ya mwamba, mahali penye usalama.

Pale wakajihesabu. Wawili hawapo, wamebaki mtaroni.

Akarudi tena. Kinyumenyume tena.

Akawatoa wale wawili. Wakati wa kuondoka ndipo risasi ilipompata. Bwana Kimya aliona kutoka nyuma ya mwamba: lori likayumba kuelekea mtoni, likasimama kidogo, likageuzwa kwa nguvu upande wa pili, likalalia ukingo wa udongo. Wale wawili wakatoka wakiwa hai. Yeye walimkuta mikono bado iko kwenye usukani, umezungushwa mpaka mwisho kuelekea ukingoni.

Hilo ndilo gari "alilolipindua".

Nikamwuliza Kapteni alikuwa wapi. Akasema mbele. Mbele sana. Alifika jioni na gari lake halina mkwaruzo.

Kwa nini amekuja kwangu kwa njia ya kuzunguka hivi? Akasema aliogopa. Bado yuko kambini, wamemweka stoo, na walionusurika wote waliambiwa mambo ya daraja ni siri ya kazi. Lakini ameona ratiba. Pia hawezi tena kupanda gari linaloendeshwa na mtu mwingine, mwili unakataa. Akasema akaona kama atajifunza, bora ajifunze kwa aliyemfundisha Shangazi.

Tukakaa ndani ya gari lililozimwa. Wanafunzi wengine wanatungoja kwenye benchi, wanatazama saa. Nililia. Sioni aibu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kambini kumwona Meja. Nilisubiri kwenye korido yenye harufu ya rangi mbichi, ukumbi mpya uko jirani, mafundi wanapigilia herufi za jina lake ukutani. Walikuwa wamefika nusu ya jina.

Nilitarajia jitu. Ni mtu wa kawaida, mpole, sauti ya chini. Akanikaribisha kiti. Akanipa pole tena, kama msiba ni wa jana.

Nikamwambia sitaki nishani, sitaki kitu. Nataka neno "ajali" litoke, na kilichotokea darajani kisemwe. Akauliza nani kaniambia kilichotokea darajani. Nikasema mwili niliuona mwenyewe, na tundu la risasi nalijua. Jina la Bwana Kimya sikulitaja.

Akafunga mlango.

Akasema amri aliyoitoa ilikuwa sahihi. Magari mengine yalikuwa na watu pia, wangesimama wote wangekufa. Kisha akasema hili, na nalinukuu kama lilivyo:

"Ndugu yangu, tukiandika alichofanya, itabidi tuandike kwamba alikaidi amri. Ajali ni neno la heshima kwake. Nimemfichia."

Amemfichia! Yeye!

Nikamwambia sawa, huenda amri ilikuwa sahihi, mimi si mwanajeshi. Ulisonga mbele kama inavyotakiwa. Basi hiyo nishani ya kuokoa majeruhi ni ya nini?

Akanyoosha karatasi ambazo zilikuwa zimenyooka tayari. Akasema ana kikao.

Nimetoka pale masikio yanavuma. Nimeendesha mpaka nyumbani kwa gia ya pili, sikujua mpaka injini ilipoanza kunuka.

Jumapili, 16 Machi

Nimewaambia. Kwanza Bosi, tukiwa ndani ya gari uwanjani, pale pale nilipoambiwa mimi. Sikumficha kitu isipokuwa tundu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akataka kujua kama mama alirudi nyuma bila kugonga kitu. Nikasema bila kugonga kitu. Akaitikia kwa kichwa kama mkaguzi aliyeridhika. Kisha akasema, "Basi kesho nitamwambia yule mwenzangu akae chini." Alikula mara mbili leo.

Kisha mama mkwe. Alikuwa anashona kifungo. Shemeji naye alikuwapo, akanikatiza kila sentensi: huyo askari ni nani, si mlevi huyo, mtu wa stoo ana chuki na wakubwa, tutaharibu sherehe. Mama mkwe aliendelea kushona. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Alirudi mara mbili?"

"Mara mbili, mama."

Akakata uzi kwa meno. Akainuka akaenda chumbani, akafunga mlango. Hakutoka mpaka nimeondoka. Shemeji akasema unaona, umemuumiza mzazi bure. Labda kweli. Lakini nimechoka kuambiwa kwamba kunyamaza ndiyo huruma.

Jumanne, 18 Machi

Bwana Kimya hatasema hadharani. Kaja nje ya muda wake, hakuingia hata garini. Ameitwa jana ofisini. Hawakumtuhumu kitu, walimwuliza tu masomo ya udereva yanaendeleaje. Na kwamba baada ya sherehe kuna kituo cha mbali kinahitaji mtu wa stoo.

Ana mke na mtoto mchanga. Nilijua hilo, na bado nilimpandishia sauti. Nilimwambia mke wangu hakuuliza kituo kiko mbali kiasi gani alipoweka rivasi. Yalikuwa maneno mabaya. Alisimama akishika ule mkono wake kwa mkono mzima, kama mtu abebaye kitu kisicho chake.

Akasema atakuwa ukumbini, wameamriwa wote wawepo. Zaidi ya hapo hajui.

Nikamwambia masomo yake bado yapo, aje akitaka. Sijui kama alisikia. Hasira hii nitaipeleka wapi? Ninaowapata ni wale wasio na kosa.

Ijumaa, 21 Machi

Luteni kapiga simu. Kesho nivae suti nyeusi, nikiitwa nipande, nipokee kwa mkono wa kulia, nigeuke kwa picha, nishuke. Familia haisemi. Nikamwuliza neno ni lile lile? Akasita. Ni lile lile, mzee.

Nikamwambia sitapanda. Akasema tafadhali. Nikamwambia si wewe, kijana, na simu nikakata.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia nyuma ya ratiba, kwa kalamu ya kuazima kwa askari wa mlangoni. Niko kwenye kachumba kando ya ukumbi: viti vilivyopandana, ndoo, mabaki ya rangi. Nimewekwa hapa "nipoe kidogo". Hawakutumia nguvu. Luteni aliniuliza mlangoni kama bado sipandi, nikamwambia sipandi, tena nikisikia ajali nitasimama nikatae kwa sauti. Akanong'ona na mtu, nikaombwa kwa heshima zote nipite huku. Mlango haukufungwa. Askari kasimama mbele yake tu.

Bosi yuko safu ya mbele na bibi yake na mjomba wake. Nimewaona wakikaa. Mama mkwe kavaa nguo zake za kutokea, mkoba magotini, hakunitazama. Wanajeshi wamekaa nyuma, safu kwa safu. Bwana Kimya yuko karibu na nguzo.

Kila kitu nakisikia kupitia ukuta. Mgeni rasmi kasema sana. Meja kavishwa. Wamesoma jinsi alivyoelekeza uokoaji chini ya risasi. Makofi marefu. Nimekunja ngumi mpaka zinauma, halafu nikakumbuka kalamu si yangu.

Chai imekwisha. Sasa.

Mshereheshaji anamtaja mke wangu. Amesema ajali. Ameisema vizuri, kwa sauti ya huzuni, kama aliyeifanyia mazoezi. Anamwita mume wa marehemu. Anamwita tena. Minong'ono. Nimesimama, askari kanitazama, nikakaa. Ningepiga kelele. Badala yake naandika.

Anasema mama mzazi atapokea kwa niaba ya familia. Makofi. Haya. Kapata alichotaka, kiti cha mbele na cheti.

Namsikia anashukuru. Mgeni rasmi, viongozi, majirani. Luteni anamwambia kitu, nadhani anamwonyesha njia ya kushuka. Mama mkwe anasema ngoja mwanangu, hiki kishushe kidogo, hakinifikii. Watu wanacheka kwa upole. Kipaza sauti kinakwaruza.

"Mwanangu hakupata ajali."

Hakuna anayecheka.

"Aliambiwa aondoke, akasema anarudi. Akarudi mara mbili kuwachukua watoto wa wenzangu, na baadhi yao wamekaa humu wananiangalia. Kama kwenu hilo ni kosa, liandikeni hapa kwenye cheti. Nitalitundika ukutani hivyo hivyo."

Kimekata. Wamezima kipaza sauti. Lakini bado anaongea, sauti ndogo, sishiki maneno. Namsikia shemeji anaita mama, mama.

Nini hiki? Buti. Mtu mmoja, nyuma ya ukumbi, upande wa nguzo. Kisigino kimegonga kisigino.

Sasa viti. Vinaburutwa. Vingi, safu za nyuma. Sijui wanasimama au wanaondoka. Hakuna amri iliyotolewa, ningeisikia.

Nimemwambia askari nataka kupita, mtoto wangu yuko mle ndani. Anatazama ukumbini, mdomo wazi kidogo.

Amesogea.